Beji ya Mjerumani na Kalamu Yangu

Hapa kwetu Kigoma, kipande chochote cha shaba kikionekana cha zamani hupewa ukoo na meli ya Mjerumani. Kitasa ni cha Götzen, kifungo ni cha Götzen, hata bawaba ya kabati. Vijana wanaozungusha wageni pale Ujiji, penye kumbukumbu ya Livingstone, wanajua kwamba mgeni akishapiga picha miembe hupenda kuondoka na kitu mkononi. Basi soko lipo, na palipo na soko feki haikosi.

Mimi ni kijana niliyeishia kidato cha nne. Naandika riwaya yangu ya kwanza kwenye madaftari, na mtaa mzima unajua. Ndiyo maana kaka mmoja wa Mwanga, jina nalisitiri, alinijia jioni moja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa.

"Dogo, wewe si mwandishi? Hebu msaidie kaka yako."

Ilikuwa beji yenye umbo la yai, imezungushiwa shada la majani. Katikati kuna nyambizi, juu yake tai ameshika swastika.

"Imetoka kwenye Götzen hii. Kuna mzungu anaitaka, ila anataka na maelezo. Niandikie ukurasa mmoja tu: babu wa babu yangu alikuwa kibarua melini, akapewa na nahodha siku ile wanaizamisha. Weka na machozi kidogo. Tunagawana nusu kwa nusu."

Ndugu msomaji, hiyo nusu ingetosha kuchapisha mswada wangu wote pale dukani, na chenji ikabaki. Niliishika ile beji nikaitazama kwa njaa, nisikufiche.

Lakini hesabu ya miaka ilikataa. Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja ndani ya masanduku hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli kuja kwetu. Iliingizwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikachukuliwa na adui, baada ya kuipaka mitambo yake grisi isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikaitwa Liemba. Sasa, beji ya mabaharia wa nyambizi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1918, nayo juu ilikuwa na taji la Kaisari. Hii ya tai na swastika ni ya Oktoba 1939, enzi za Hitler. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Nahodha gani angempa kibarua mwaka 1916 beji ambayo ilikuwa bado haijabuniwa?

Nikaigeuza. Beji nzuri ya kiwandani hugongwa kwa muhuri wa chuma, hivyo kila unyoya wa tai hukatika wazi. Hii ilikuwa imemiminwa kwenye kalibu: kingo zimelegea kama sabuni iliyotumika, na usoni kuna vitundu vidogo vya hewa. Anayechukua beji halisi akaitengenezea kalibu hupata nakala ndogo kidogo kuliko mama yake, maana madini yakipoa hunywea. Pini ya nyuma ilikuwa imeshikizwa kwa lihamu mpya. Ile kutu ya kijani nayo niliikwangua kwa ukucha ikatoka unga. Kutu ya miaka themanini haiogopi ukucha.

Nikamwambia yote hayo. Akacheka. "Sasa wewe riwaya zako si uongo mtupu? Uongo wa kurasa mia tatu sawa, wa ukurasa mmoja dhambi?"

Swali lilinichoma, kwa sababu lina akili. Nilikumbuka kwamba hata Götzen yenyewe iliwahi kudanganya. Ilikuwa na mzinga mkubwa uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyomalizwa mtoni Rufiji mwaka 1915. Mwaka 1916 mzinga ule uling'olewa ukapelekwa kwa wanajeshi wa nchi kavu, na mahali pake wakasimamisha mzinga wa mti ili adui aendelee kuogopa. Vita ina ruhusa zake. Riwaya nayo ina ruhusa, maana imeandikwa riwaya juu ya jalada, na msomaji ameinunua akijua. Ukurasa ule wa kaka ungeandikwa ushahidi.

Nikamuuliza, "Kaka, huyo babu wa babu yako kweli alikuwa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Alikuwa akibeba mizigo stesheni. Mguu wake mmoja uliumia huko. Zaidi ya hapo sijui."

"Ukitaka, hiyo nitakuandikia bure."

"Mguu ulioumia nani atanunua?" Akakunja kitambaa chake, akaondoka. Kwa wiki nyingi tukawa tunasalimiana kwa kichwa tu, na mswada wangu bado uko kwenye madaftari.

Wenzangu mnaotaka kuandika, hili naomba tulijadili. Reli na meli ile vilipita mikononi mwa watu weusi wengi, na vitabu vimetuachia majina ya mainjinia, siyo ya wabeba masanduku. Kila hadithi ya uongo inayoambatana na beji ya kuchonga inakalia kiti cha mmoja wao. Mgeni anaondoka ameridhika, nasi tunabaki na babu aliyepewa zawadi na nahodha, badala ya yule aliyeumia mguu.

Sura ya nne ya riwaya yangu inaanzia stesheni. Mtu mmoja anashusha sanduku, hajui ndani mna nini. Jina nimembunia mwenyewe, na kwenye jalada itaandikwa wazi kwamba ni riwaya.