Waya Uliofukiwa Uani



Wahariri wa kitabu chetu wameniomba niandike jambo lenye manufaa kwa familia zetu zilizoko hapa Guangzhou. Wengine watakupeni habari za arusi, za watoto waliozaliwa na za wasafiri waliorejea nyumbani. Mimi nitaeleza habari ya waya wa umeme, kwa kuwa mwaka huu nusura utuondolee kijana.

Mliowahi kututembelea huku Baiyun mnalijua banda la uani ambamo mke wangu hushona mabuibui na madira. Umeme wake ulitoka nyumba kubwa kwa kebo iliyofukiwa chini ya ua, masafa ya mita 18. Aliiweka mpangaji wa zamani, aliyekuwa na mashine kubwa zinazohitaji nyaya tatu za moto. Sisi tulikuta nyaya mbili tu zimeungwa.

Mvua zilipoanza mwezi wa Aprili, swichi ya usalama ikawa inajikata kila zikinyesha. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka kati ya Aprili na Septemba. Jirani mmoja akatushauri tuing'oe swichi ile ili kazi isisimame. Mke wangu alikuwa na nguo za arusi za watu mkononi, na siku zilikuwa zinakwisha. Hata hivyo tulikataa. Swichi ile ni kama mwalimu wa zamu. Huhesabu umeme unaotoka na umeme unaorudi, kama watoto wakati wa mapumziko. Unaorudi ukipungua kwa miliampea 30, hukata papo hapo, maana ule uliopungua umepita penginepo, na penginepo huweza kuwa mwili wa mtu. Kuing'oa ni kumfukuza mwalimu kwa sababu ametaja watoro.

Tukamwita fundi wa hapa hapa, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Mpwa wangu, anayesoma mjini hapa, akaja kusaidia. Kisanduku kilipofunguliwa, kabla umeme haujazimwa, zikaonekana nyaya mbili, mmoja wa kijani na mmoja wa buluu. Kijana akanyoosha mkono akisema, "Mjomba, huu wa kijani ni ethi, hauna neno." Fundi akamdaka mkono. Kisha akaugusisha tesita waya ule, na kitaa chake kikawaka.

Mpwa wangu hakubuni neno. Ndivyo tulivyofundishwa sisi skuli Unguja, kwa mpango wa zamani wa Kiingereza: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Huku China, nyaya tatu za moto ni manjano, kijani na nyekundu. Nyutro ni buluu mpauko. Na ethi ina rangi mbili pamoja, manjano na kijani, zenye michirizi. Basi kijani kitupu, ambacho kwetu ni amani, huku kina volti 220. Na banda letu halikuwa na ethi kabisa, nalo lina pasi za chuma na sakafu ya saruji inayotoa unyevu.

Kebo ilipofukuliwa, tuliikuta imechubuliwa mahali pawili. Fundi akatuonyesha vijia vya mchwa. Mchwa wa ardhini anayejulikana duniani kwa jina la Formosa asili yake ni China ya kusini, naye hutafuna hata ganda la plastiki. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia hapo.

Tukachimba mtaro wa kina cha sentimita 70. Kebo mpya ya shaba, yenye nyaya tatu za milimita 6 za mraba, ilipitishwa ndani ya bomba, ikalazwa juu ya mchanga na kufunikwa mchanga. Juu yake tukapanga matofali na utepe mwekundu wa onyo, ili mwenye jembe ashtuke kabla ya kufika chini. Ile ya zamani ilikuwa ya milimita 2.5, nayo ilibeba pasi mbili, kiyoyozi na cherehani nne, jumla kilowati 4 na zaidi. Mama mwenye nyumba alinunua kebo, sisi tukalipa ufundi, na yote yakaandikwa katika risiti.

Nimechora ramani ya njia ya kebo, nikipima kutoka ukutani, nikaibandika ndani ya kisanduku. Mpwa wangu ameandika maelezo kwa Kichina, nami kwa Kiswahili, kwani hatujui nani atapanga baada yetu.

Ninawaomba wazazi wenye nyumba za kupanga wawaambie vijana wao habari hii ya rangi kabla ya mvua za mwakani. Zimeni kwanza, kisha pimeni, hata kama mna hakika. Mpwa wangu anawasalimuni nyote, na nguo za arusi zilimalizika kwa wakati.