Kosa la Msomaji Mchanga

Msomaji, mwandiko huu uupitiao kwa macho bila taabu ulikugharimu taabu nyingi zamani, ijapokuwa yamkini umekwisha kuisahau. Ilikuwako siku ambayo herufi hizi zilikuwa kwako kama nyayo za kuku vumbini. Mimi siwezi kuisahau taabu hiyo, kwa sababu kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa Embu kusoma, na kila mwaka mpya huikuta imeketi mbele yangu madawatini.

Mtoto wa vijijini mwetu aghalabu huja shuleni na lugha moja kamili, Kiembu, pamoja na vipande vya Kiswahili alivyookota sokoni na redioni. Naye hutakiwa asome Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Kiswahili humpokea kwa hisani: herufi a ni a leo na kesho, na akishajua ba, be, bi, bo, bu, amepata ufunguo wa milango mingi. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, na herufi moja hugeuka rangi kama kinyonga. Lakini kwa kutazama tu lugha hizi mbili hazitengani, maana zimevaa nguo za namna moja. Hapo ndipo penye mtego.

Siku moja, katika gredi ya pili, msichana mmoja alisimama kusoma sentensi ya Kiingereza yenye neno "wake," ambalo maana yake ni kuamka. Alilisoma "wa-ke," kama tusemavyo mtoto wake na mama yake. Darasa likacheka. Nami, naona haya kukuambia, nilicheka pamoja nao. Akaketi, na tangu siku ile hata muhula ulipofungwa hakusoma tena kwa sauti. Nilipomwita alisimama, akakitazama kitabu, machozi yakamlengalenga, akaketi. Katika daftari langu niliandika kuwa ni mzito wa kuelewa. Niliyaandika maneno hayo kwa wino, na bado yapo.

Muhula uliofuata, wakati wa mapumziko, nilipita nyuma ya jiko la shule nikamsikia akiwasimulia wenzake kwa Kiembu hadithi ya fisi. Alikuwa fisi, kisha akawa sungura, kisha bibi kizee aliyewashinda wote wawili. Mtoto mmoja aliyeshika kikombe cha uji alisahau kunywa. Nilisimama pale nikijiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa mzito wa kuelewa.

Nililitazama kosa lake upya. Msichana yule alikuwa amesoma sawasawa, silabi kwa silabi, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe asubuhi ile ile katika somo la Kiswahili. Hapana mtu aliyemwambia kwamba tumevuka mpaka. Na maneno ya jinsi hii si haba: "pole" kwa Mwingereza ni mti uliosimikwa, na "mate" ni mwenzi. Niliyaandika ubaoni, nikawauliza watoto: Hapa tuko kwa nani, kwa Mswahili au kwa Mwingereza? Waliyashangilia kama vitendawili.

Kisha nikakumbuka mali nyingine niliyokuwa nimeiacha nje ya mlango. Kiembu kina irabu saba, hali Kiswahili kina tano. Ile ĩ yenye alama, kama katika mũtĩ, hutamkwa mahali fulani kati ya i na e. Kwa miaka mingi nilihangaika kuwatenganishia watoto "ship," yaani meli, na "sheep," yaani kondoo. Nilipowaambia waiseme meli kwa ĩ ya mũtĩ, na kondoo kwa i ya kuvuta, walikaribia sana katika kipindi kimoja. (Katika l na r sikuwasaidia kitu, kwani ulimi wangu mwenyewe huzibadilisha nikighafilika.)

Huenda ukauliza kwa nini nilichelewa hivyo. Ripoti ya Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendelea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ile ya Gachathi ya 1976 ikairudishia lugha ya mazingira nafasi yake katika madarasa matatu ya mwanzo. Sheria ya karatasini, basi, ilikuwa upande wa Kiembu kabla sijazaliwa. Lakini nilipokuwa mwanafunzi, mtoto aliyeteleza akasema Kiembu alivishwa kibao shingoni, adhabu ya jamii ile ile aliyoieleza Ngũgĩ wa Thiong'o katika kitabu chake cha 1986. Nilikivaa mara mbili. Chuo cha ualimu kilinifundisha mengi mema, lakini kibao nilikuwa ningali nacho, ndani, pasipoonekana.

Msichana yule hakurejea kusoma mara moja. Kwanza alikubali kunisomea peke yangu, kwa sauti ya chini, huku nikimwomba anitafsirie kwa Kiembu kila alichokisoma. Baada ya majuma kadha alinyosha mkono darasani. Hadithi ilikuwa ya mtoto mgonjwa aliyepauka uso, nalo neno la Kiingereza lilikuwa "pale," ambalo sikuwahi kuliandika ubaoni. Alifika hapo akanyamaza. Darasa lote likangoja, nami nikangoja. Akainua macho akaniuliza:

"Mwalimu, hapa tuko kwa nani?"