Mpunga Ambao Kamera Haikuuona

Ukitoka Houston kwa barabara kuu nambari 10 kuelekea mashariki, Louisiana inaanza pale unapovuka mto Sabine. Safari hii nilikuwa naitamani tangu nihamie Texas, na kilichonisukuma ni sinema. Wakajuni, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, nilikuwa nimewaona katika filamu nyingi kabla sijakutana na hata mmoja wao: wawindaji wanaonyemelea na bunduki kwenye ukungu wa kinamasi, polisi mwenye maneno matamu, mlevi anayecheza dansi kibarazani. Nilitaka kuiona nchi yao kwa macho yangu. Shemeji yangu akakubali kunisindikiza. Yeye ni mtu wa Bukavu, amesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza, na bila yeye mengi niliyoyasikia huko yangenipita.

Kinamasi hatukukiona siku ile. Baada ya Lake Charles nchi ni tambarare, mashamba ya mpunga kulia na kushoto, mpaka Crowley, mji unaojivunia mpunga wake na kuufanyia tamasha lililoanza 1937. Tulisimama kando ya njia ndogo tukatazama. Mpunga ulikwishavunwa, maji yamerudishwa majarubani, na humo wamefugwa kamba wa maji baridi. Mitego ya waya imezama, shingo zake nyekundu zimechomoza mistari kwa mistari. Mzee mmoja alikuwa ndani ya boti bapa inayosukumwa na gurudumu la chuma. Anainua mtego, anamimina kamba mezani, anatia chambo, anaurudisha majini, na boti haijasimama hata mara moja. Mikono yake ilikuwa inajua kazi kuliko macho yake, maana muda wote alikuwa akitutazama sisi. Alipotufikia akatupungia, akaendelea.

Katika filamu zote za Hollywood nilizozitazama, mkulima huyu sijamwona. Kamera inapenda kinamasi: miti iliyosimama majini, mamba, giza la mchana. Southern Comfort, filamu ya Walter Hill ya 1981, inasimulia askari wa akiba wanaochukua mitumbwi ya wawindaji wa Kikajuni bila ruhusa, kisha wanawindwa mmoja mmoja. Ilipigwa Caddo Lake, mpakani mwa Texas, mbali kabisa kaskazini mwa nchi ya Wakajuni. The Waterboy ya 1998, ambamo Adam Sandler ni kijana wa Kikajuni anayechekwa na kila mtu, ilipigwa Florida. Kwa watengenezaji hao ilitosha kupata maji meusi na miti yenye ndevu. Watu wa kujaza humo wangepatikana popote.

Eunice tulifika Jumamosi asubuhi, kwa makusudi. Kwenye duka la Marc Savoy, fundi wa kodiani, watu hukusanyika kila Jumamosi kupiga muziki. Tulikuta wapiga fidla kadhaa wamekaa duara, kodiani moja ndogo, gitaa, na pembetatu ya chuma inayoshika mapigo. Vijana walikaa na wazee, na kijana akikosea hakuna anayesimamisha wimbo. Savoy mwenyewe anaonekana katika Southern Comfort, pamoja na Dewey Balfa, mpiga fidla mkubwa aliyekuwa pia dereva wa basi la shule. Wanapiga muziki katika sherehe ya kijijini mwishoni mwa filamu, huku nguruwe anachinjwa, nao askari wawili waliobaki wamo hatarini. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi. Muziki ni wa kweli, watu ni wa kweli, chakula ni cha kweli, na mwongozaji ameyatumia yote kumtisha mtazamaji. Hilo linaniuma kuliko wawindaji wote wa ukungu. Furaha ya watu, jambo wanaloliandaa juma zima, imegeuzwa dalili ya hatari.

Mzee aliyekaa karibu nasi alimsikia shemeji akisema Kifaransa akageuka na kiti chake. Walizungumza kwa muda mrefu, kila mmoja akimrudisha mwenzake nyuma kidogo kwa sababu ya lafudhi. Katiba ya Louisiana ya 1921 iliamuru Kiingereza tu shuleni, na mzee huyu alianza shule bila kujua neno lake hata moja. Aliandikishwa mistari kwa mistari kwamba hatasema tena Kifaransa kiwanjani. Shemeji aliponitafsiria alinyamaza, kisha akaniambia kwa Kiswahili: "Shemeji, sisi tulichapwa kwa kutokukisema. Hawa walichapwa kwa kukisema." Mzee akauliza amesema nini. Alipoambiwa, akamshika shemeji bega na hakuliachia upesi.

Usiku tulikuwa Lafayette, na huku nikimfikiria mzee yule tukatazama Belizaire the Cajun kwenye kompyuta. Aliyeiongoza ni Glen Pitre, mzaliwa wa Cut Off, mji ulio kando ya Bayou Lafourche, na ilioneshwa Cannes mwaka 1986. Kabla yake alikuwa ametengeneza Fièvre jaune kwa Kifaransa cha kwao. Belizaire ni mganga wa mitishamba wa mwaka 1859, wakati matajiri walipounda makundi ya kuwafukuza Wakajuni kwa viboko. Anaumwa na mapenzi, anaogopa, anadanganya kwa ustadi, anafikiria mbele kuliko adui zake. Mwigizaji mkuu, Armand Assante, ni mtu wa New York, na sehemu kubwa ni Kiingereza. Hata hivyo tofauti inaonekana tangu mwanzo: hapa Wakajuni wana hoja baina yao wenyewe. Wanabishana kuhusu ardhi, ndoa na deni. Katika filamu za wageni hawana hata shauri moja la kupatana.

Kesho yake tukaenda St. Martinville kumwona Evangeline. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwang'oa Waakadia, mababu wa Wakajuni, kutoka nchi ambayo leo ni Nova Scotia, Kanada. Wakachoma nyumba, wakawapakia melini, wakawatawanya katika makoloni yao, na wengi wakafia njiani. Baadhi yao walifika Louisiana baada ya miaka, na mwaka 1785 meli saba zikaleta karibu 1,600 zaidi kutoka Ufaransa. Mwaka 1847 Longfellow, mshairi wa Marekani, alimbuni Evangeline, msichana anayemtafuta mchumba wake baada ya kutawanywa huko. Sinema ikamchukua mapema: filamu ndefu ya kwanza ya Kanada, ya 1913, ilikuwa Evangeline, na haijulikani nakala yoyote iliyobaki. Mwaka 1929 akaja Dolores del Río, nyota wa Mexico, akamwigiza, na baada ya filamu, yeye na wenzake wakauzawadia mji sanamu. Ipo mpaka leo, kando ya kanisa la Mtakatifu Martin, msichana ameketi. Uso ni wa Dolores.

Nilikaa pale muda mrefu. Wazee wawili waliweka maua miguuni pake, na sikuwaonea ajabu. Watu walionyang'anywa kila kitu wamepewa uso na wageni, wakaukubali, wakauombea. Ila Evangeline wa sanamu ni mpole na anasubiri tu, na watu wale hawakusubiri. Walilima, walijenga malambo, walizaa, walishtakiana mahakamani kwa ajili ya mipaka ya mashamba.

Abbeville hatukukaa sana. Ndiko Robert Flaherty alikokuwa na makao alipotengeneza Louisiana Story ya 1948, kwa fedha za Standard Oil. Mtoto Joseph Boudreaux anapiga makasia kwenye mtumbwi, mnara wa mafuta unaingia taratibu, unachimba, unaondoka, na maji yanabaki safi kama mwanzo. Ni filamu nzuri mno, na muziki wake ulimpatia Virgil Thomson tuzo ya Pulitzer. Lakini tangu miaka ya 1930 pwani ya Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi, na mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mafuta ni mojawapo ya sababu. Mnara haukuondoka hivyo.

Tukirudi Houston, shemeji akataka tupitie Opelousas, ambako tangu 2018 ipo sanamu ya Amédé Ardoin. Huyu alikuwa Mkrioli, mtu mweusi wa Louisiana msemaji wa Kifaransa, mpiga kodiani ambaye rekodi zake na Dennis McGee, mzungu mpiga fidla, zilizoanza 1929, ni msingi wa muziki wote tuliousikia Eunice. Inasimuliwa kwamba alipigwa vibaya baada ya mwanamke mzungu kumpa leso afute jasho dansini. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili Pineville mwaka 1942. Filamu za Hollywood kuhusu Wakajuni zinaujua muziki wake na hazimjui yeye. Shemeji aliuliza nani angemwigiza. Nikamjibu kwamba kwanza atafutwe wa kuiongoza, na awe mtu wa Opelousas.