Barabara ya Assietta: Siku Mbili za Wasio na Injini

Msafiri atokaye Torino, jiji kubwa la kaskazini-magharibi mwa Italia, akashika njia ya magharibi kuelekea Ufaransa, haichukui muda mrefu kabla ya milima ya Alpi kumzunguka. Hapo mabonde mawili huenda sambamba: kaskazini bonde la Susa, kusini bonde la Chisone. Baina yake umelala mgongo mrefu wa mlima, na juu ya mgongo huo hupita barabara ya changarawe iitwayo Strada dell'Assietta. Urefu wake ni takriban kilomita 34, na karibu yote iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari.

Tumeona tuiandike habari yake kwa sababu nyumba nyingi za Pwani zina wana, ndugu na wakwe huko Ulaya. Aendaye kuwazuru wakati wa kiangazi aghalabu hupelekwa madukani na kwenye majengo mashuhuri, kisha akarudi. Milima humpita, hasa akiwa mwanamke.

Barabara hii haikuanza kwa matembezi. Mnamo Julai 19, 1747, jeshi la Ufaransa lilijaribu kuuvuka mgongo huu. Askari wa mfalme wa Sardinia, ambaye makao yake yalikuwa Torino, walikuwa wachache, lakini walijenga kuta za mawe kileleni wakawangoja. Kwa saa chache tu Wafaransa walipoteza maelfu ya watu, na jemadari aliyewaongoza akafa pamoja nao. Chini yake, katika bonde la Chisone, ingalipo ngome ya Fenestrelle, iliyoanza kujengwa mwaka 1728. Ngome hiyo hupanda na mlima toka bondeni hadi juu, na ndani yake mna ngazi iliyoezekwa yenye vidato vipatavyo 4,000. Kisha karne ya 19 ilipokaribia kwisha, jeshi la Italia, kwa kumhofia jirani yule yule, likachonga barabara nyingi katika milima hii ili mizinga ifike mpakani.

Mizinga ilivutwa na nyumbu, na nyumbu mwenye mzigo hawezi mwinuko mkali. Kwa hivyo wahandisi wa jeshi waliizungusha njia ubavuni mwa mlima, ikawa inapanda kidogo kidogo. Vita vilipokwisha na majirani wakapatana, njia zikabaki, na ule upole wa mwinuko uliokusudiwa nyumbu ukawafaa waendesha baiskeli.

Baiskeli ipendwayo huko huitwa baiskeli ya changarawe. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, mfano wa baiskeli za mashindano, lakini matairi yake ni mapana, milimita 40 au zaidi. Upepo wake haujazwi sana, ili tairi lishike kokoto badala ya kuruka juu yake. Gia zake ni nyepesi kwa kupandia, na breki zake zina nguvu kwa kuteremkia. Wazee na wasio na mazoezi hukodi ya umeme, ambayo mota yake humsaidia mtu akikanyaga na hunyamaza akiacha kukanyaga.

Lakini jambo lililotuvutia zaidi ni amri iliyowekwa juu ya njia hii. Madereva wa pikipiki na magari ya milimani nao huipenda, na gari moja likipita huacha wingu la vumbi ambalo atembeaye kwa miguu hulila robo saa. Wenye mamlaka wa eneo wakakata shauri: katika miezi ya Julai na Agosti, kila Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, vyombo vya moto visipite. Siku nyingine wenye injini wana fungu lao. Siku hizo mbili njia ni ya miguu, ya baiskeli na ya ng'ombe.

Sisi tulipanda siku ya Jumatano, pamoja na mpwa wetu wa kike aishiye Torino, mumewe, na binti yao wa miaka 11. Tulianzia Sestriere, mji mdogo wa michezo ya theluji ulio mita 2,035 juu ya bahari. Mama yake mpwa wetu, yaani dada yetu, alikuwa amempigia simu usiku kutoka Mombasa akimwonya kwamba mwanamke mwenye mume na heshima yake hapandi baiskeli mbele za watu. Asubuhi, baiskeli zikiwa zimekwisha kukodiwa, mpwa wetu alisimama kando akasema: "Mjomba, wewe ndiye uliyesoma. Niambie mbele ya mume wangu. Nipande au nikae na mtoto hapa chini?"

Tulimtazama. Alikuwa amevaa suruali pana iliyobanwa vifundoni, kanzu ishukayo chini ya magoti, na mtandio mwepesi chini ya helmeti. Buibui alikuwa ameliacha nyumbani, kwa kuwa upindo wake hushikwa na mnyororo na kumwangusha mtu. Tukamwambia: "Umejisitiri, mumeo yu nawe, na leo njia haina gari la kumtisha mtoto. Kilichobaki ni kilima tu." Akacheka, akapanda.

Toka Sestriere njia hupanda hadi Colle Basset, mita 2,424, kisha hufuata mgongo wa mlima toka kipito hadi kipito kuelekea Colle dell'Assietta, mita 2,472. Pumzi huko ni haba na mtu hujifunza kuzungumza kwa maneno machache. Katika majani hukaa marmoti, mnyama wa jamii ya kindi aliye mkubwa kama paka, alalaye ardhini nusu ya mwaka. Akiona mtu hupiga mbinja kali kuwatahadharisha wenzake, na binti yetu kila aliposikia mbinja alisimama kumtafuta. Kengele za ng'ombe zilisikika kabla ya ng'ombe wenyewe kuonekana. Tulipishana na vikongwe wawili wa kike waliokuwa wakipanda kwa fimbo, na mama aliyemvuta mtoto wake katika kigari nyuma ya baiskeli. Kila mmoja alitoa salamu ya kwao, nasi tukajibu.

Adhuhuri ya kiangazi huko huingia baada ya saa saba na nusu mchana. Tulitawadha kwa maji ya chupa tuliyobeba, tukaelekea kusini-mashariki, tukaswali kwa kufupisha juu ya majani, upepo ukizipiga nguo zetu. Tulipotoa salamu tuliona mawingu meusi yamesimama upande wa Ufaransa. Colle dell'Assietta haikuwa mbali. Mume wa mpwa wetu alitaka tuendelee. Mkewe akamtazama mtoto, akatazama mawingu, akasema: "Mlima hautahama. Turudi." Tukarudi. Radi ilianza kunguruma tulipokuwa tukizikabidhi baiskeli, na mvua ya mawe ikafuata. Pale tulipogeukia, juu ya mgongo ule, hapakuwa na mti wala paa la kujifichia.

Jioni dada yetu alitumiwa picha. Tulingoja maneno yake juu ya baiskeli. Aliuliza jambo moja tu: mtoto alivaa sweta?

Mwenye misuli ana njia nyingine ya kuufikia mgongo huu, nayo ni ngumu kwelikweli. Kutoka mji wa Susa hadi Colle delle Finestre ni kilomita 18 na nusu za kupanda, kufikia mita 2,178, na kilomita 8 za mwisho hazina lami. Hapo ndipo hupita baadhi ya miaka mashindano ya Giro d'Italia. Ijumaa ya Mei 25, 2018, nasi tukiwa katika saumu ya Ramadhani, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliwaacha wenzake katika changarawe hiyo. Alibaki peke yake kwa takriban kilomita 80 hadi mwisho wa safari ya siku hiyo, na hatimaye akatwaa ushindi wa mashindano yote. Siku hiyo aliyekuwa akiongoza, Mwingereza Simon Yates, aliishiwa na nguvu katika mlima ule ule na akapoteza yote. Yates alirudi. Mei 31, 2025, katika mlima ule ule, aliwaacha waliokuwa mbele yake na hatimaye akalishinda Giro. Miaka saba alisubiri.

Atakaye kwenda na ahli zake azingatie haya. Theluji huifunga njia sehemu kubwa ya mwaka, basi wakati wake ni kiangazi. Aondoke mapema, kwa maana radi za milimani hupenda alasiri. Achukue maji ya kutosha, tyubu ya akiba, pampu, na koti la kuzuia upepo hata kama ni Agosti. Mwenye watoto aanzie Sestriere, aiache Finestre kwa vijana. Asiharakie kurudi kwa kuihofia Magharibi, maana jua la Julai huko huchwa karibu saa tatu usiku. Na kabla ya kukodi chochote aulize amri ya mwaka huo, ajue ni siku zipi magari yamezuiwa.

Wenye mamlaka wa mlima ule hawakujenga barabara mpya kwa ajili ya akina mama na watoto. Waliichukua ile ile iliyochongwa kwa mizinga, wakamwambia mwenye nguvu angoje siku mbili katika juma. Kwa amri hiyo mpwa wetu aliweza kumtanguliza bintiye mbele yake njiani, bila kugeuka nyuma kila mara kusikiliza kama gari linakuja.