Kijana wa Bukirasazi Aliyetafuta Namba

Mwaka 1992, mpwa wangu, Burundi nzima ilikuwa mpira. Vital'O ya Bujumbura ilikuwa ikipanda raundi baada ya raundi katika Kombe la Washindi barani Afrika, mpaka mwisho wa mwaka ikaingia fainali na Africa Sports ya Abidjan. Mechi ya kwanza, kwetu, ilikwenda sare ya 1–1. Kule Abidjan tulifungwa 4–0, na hata kipigo kile hakikuwavunja watu moyo. Sisi wa Gitega tulikuwa tunazifuata mechi zile kwenye redio ya taifa, tumejaa mlangoni kwa fundi cherehani mmoja wa Nyamugari aliyekuwa na redio kubwa ya betri sita, na mwenye duka la jirani alikuwa akichemsha chai ya maziwa yenye tangawizi mpaka harufu yake ikafunika ile ya ndagala waliokaushwa waliokuwa wamening'inia juu ya vichwa vyetu. Andazi lilikuwa faranga 10. Siku Vital'O wakishinda, mwenye duka aligawa bure, na siku wakifungwa hakuna aliyekumbuka njaa. Ukiwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, na una miguu mizima, usingeota kitu kingine chochote isipokuwa namba kwenye timu.

Nami nilikuwa na namba yangu. Nilicheza beki wa kulia katika timu moja ya mjini kwetu, timu ambayo haikuwa kubwa lakini ilikuwa na jezi kamili, kocha aliyesomea kazi yake, na mfadhili mwenye maghala. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa maharage na ngozi, na nyumba yetu ya Nyamugari ilinuka vitu hivyo viwili mwaka mzima, pamoja na mafuta ya mawese ya jikoni kwa mama. Kila kiangazi wauzaji walitujia kutoka vilimani, na mmoja wao alikuwa mzee wa Bukirasazi, kusini mwa Gitega, ambaye baba alimwamini kiasi cha kumpa fedha kabla ya mzigo kufika. Mzee yule alikuwa na kijana wake, mrefu, mwembamba, uso wa mviringo usiolingana na mwili, macho yake yakikutazama mpaka umalize kusema. Baba alinieleza kuwa kijana yule alikuwa akitumwa Gitega asubuhi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, mbio, kwenda na kurudi, na mkoba wa barua mgongoni. Mashindano ya riadha ya komini alikuwa ameyashinda yote, peku. Kiangazi kile alikuja na mzigo wa maharage, akapokewa chakula, akanawa mikono, kisha akamwambia baba mbele yangu: "Mzee, mimi sirudi. Nataka kucheza mpira."

Labda utauliza kwa nini mtu aliyejaliwa mbio namna ile aziache. Sikiliza. Mwaka ule dunia ilikuwa ikijiandaa kwenda Barcelona kwenye Olimpiki, na Burundi haikuwa na mahali pale, kwa sababu kamati yetu ya Olimpiki ilikuwa bado haijatambuliwa. Dieudonné Kwizera, bingwa wetu wa mita 800, mtu aliyejulikana hata Ulaya, aliikosa Seoul mwaka 1988 na akaikosa Barcelona pia, si kwa kushindwa kukimbia bali kwa kukosa nchi ya kumpeleka. Basi kama Kwizera amekaa nyumbani, mtoto wa muuza maharage wa Bukirasazi angekwenda wapi? Mshindi wa mbio za komini alipewa jembe, au kitenge cha kumpelekea mama yake, na makofi. Mchezaji wa mpira, hata wa timu kama yetu, alikuwa na sukari na sabuni mwisho wa mwezi, nauli ya Hiace, sahani ya wali na nyama baada ya mechi, na akibahatika mfadhili humpa kazi ya kuhesabu magunia ghalani. Vijana wa Vital'O tuliambiwa wanaishi mjini kwa mpira peke yake. Watu wa siku hizi huona ule ulikuwa upuuzi wa ujana. Mimi naona ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Viatu tulivinunua kwenye mitumba ya soko la Gitega, njumu nyeusi zilizokwisha kuliwa visigino, faranga 1,200 baada ya kubishana asubuhi nzima. Fedha ile kwao ingenunua maharage ya nyumba nzima kwa siku nyingi. Aliivaa jozi ile uani kwetu, akapiga hatua mbili, akasimama. Hakuwahi kuvaa kiatu chenye meno. Mama alimtazama kutoka jikoni, akamletea vitambaa vya kujaza kwenye vidole.

Siku ya kwanza ya mazoezi siwezi kuisahau. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi jekundu linapanda mpaka magotini, na mikaratusi iliyozunguka uwanja ilikuwa imetoa ile harufu yake ya jioni inayofanana na dawa ya kuchua. Kocha alituanzisha kwa mbio fupi, kutoka mstari wa goli mpaka katikati. Kijana akafika, akageuka, akatusubiri. Kisha tukazunguka uwanja, na kabla hatujamaliza mizunguko tuliyopangiwa alikuwa ametupita tena kwa nyuma, anapumua kwa pua, mdomo umefungwa. Kocha alikuwa mtu mkavu, hacheki ovyo, lakini jioni ile nilimwona akimtazama mfadhili na kuinua nyusi. Wazee waliokuwa wamekaa chini ya miti wakaanza kuulizana huyu ni mtoto wa nani.

Halafu ukaja mpira. Pasi ya kwanza alipigiwa na kiungo wetu, taratibu, ya kumkaribisha mgeni. Ukamfika mguuni ukaruka kama umegonga ukuta, ukaenda zake nje. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu aliikanyaga akaanguka, akainuka bila kujipangusa. Kocha akaniweka mimi nimkabe, na hapo ndipo nilipomjua, maana beki humjua mtu kwa karibu kuliko hata ndugu yake. Dakika za mwanzo nilikimbizana naye nikaachwa vibaya. Baadaye nikaona kitu: kila akiugusa mpira, mguso wa pili ulikuwa unakwenda mbali naye, na macho yake yote yalikuwa chini. Nikaacha kukimbia. Nikasimama kwenye njia ambayo mpira ungepita, nikaungoja, nikauchukua. Alinitazama bila chuki, kwa mshangao tu wa mtu ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kusimama mbele yake. Mkimbiaji ana njia yake, na anayemshinda yuko pembeni au nyuma. Kwenye mpira adui anakuja usoni.

Na kitu kingine kilichonishangaza mpaka leo ni kuchoka kwake. Mtu aliyetoka Bukirasazi mbio akafika Gitega anakunywa maji na kuongea, nusu saa ya mechi ya mazoezi ilimshikisha magoti. Kocha ndiye aliyenielewesha. Mbio ndefu ni mwendo mmoja unaoupanga mwenyewe. Mpira ni kuondoka, kusimama, kugeuka, kurudi nyuma, kuruka, kuondoka tena, na kila mara ni mwingine anayekupangia. Hatua zake zilikuwa ndefu mno, hazikubali kukatishwa. Pia alikuwa anaotea bila kikomo. Mwili wake ulifundishwa kuondoka kwa ishara, basi akiona tu kiungo ameinua mguu, yeye keshaondoka, na filimbi inalia.

Hata hivyo hakukata tamaa, na sisi hatukumcheka, nakuapia. Kwa majuma alikuwa akiamka alfajiri, wakati muadhini bado anasafisha koo, anapiga mpira kwenye ukuta wa ghala la baba, kulia, kushoto, kulia, mpaka baba akalalamikia plasta. Alikuwa akilala ghalani juu ya magunia, ananuka maharage na kafuri ya kuchulia misuli. Mguso wake ukawa bora. Usiku alikuwa akiniuliza maswali ambayo wachezaji wenye miaka kumi uwanjani hawakuwahi kuniuliza: kabla mpira haujafika, unaangalia nini? Unajuaje kuwa kuna mtu mgongoni? Nilimjibu nilivyoweza, lakini mambo yale nilikuwa nimeyajua kabla sijajua kusoma, na kitu ulichokijua namna hiyo ni kigumu kumpa mtu mwingine.

Mechi yake ilikuwa ya kirafiki, na timu ya wanajeshi, Jumapili moja baada ya misa, uwanja umejaa, mishikaki ya mbuzi inafuka kila kona. Aliingia kipindi cha pili, winga wa kulia, mbele yangu. Timu yetu ilikuwa ya pasi fupi, za miguuni. Kocha alitufundisha hivyo na tulijivunia. Kila alipopigiwa miguuni aliupoteza. Wazee wa chini ya miti, ambao hawakusomea ukocha popote, wakaanza kupiga kelele: "Mpigieni wa mbele! Wa mbele!" Nikausikia ushauri ule, na mpira uliponijia niliupiga mrefu, juu ya beki wao, kwenye nafasi tupu. Mpwa wangu, nimeona wachezaji wengi, sijaona tena mtu akifuta umbali namna ile. Beki wa jeshi alikuwa ametangulia hatua tano, na alipogeuza shingo kijana alikuwa keshampita. Uwanja mzima ukasimama. Akaufikia mpira peke yake na kipa, akaugusa, mguso ukazidi kidogo tu, kiasi cha unyayo mmoja, na kipa akaulalia.

Kocha alimwita baada ya siku chache, nami nikiwapo. Hakumzungusha. "Kijana," alimwambia, "una miguu ambayo sijawahi kuifundisha na sitaifundisha tena. Lakini mpira mtu huanza na miaka sita, nyuma ya nyumba, kwa mpira wa majani ya migomba. Wewe wakati huo ulikuwa wapi?" Akajibu: "Nilikuwa nachunga mbuzi, mwalimu." Kocha akanyamaza, kisha akamwomba abaki mpaka mvua zianze, awe anatuongoza kwenye mbio za asubuhi, chakula na sukari atapewa kama mchezaji. Akakubali. Msimu ule hatukufungwa hata goli moja la dakika za mwisho kwa kuchoka. Mimi nasema mpaka leo kuwa kocha alikuwa na haki kumkatalia namba, na nasema pia kuwa wazee wa chini ya miti walikuwa na haki. Tulimpima kijana yule karibu muda wote kwa kitu asichokuwa nacho, na mara moja tu kwa alichokuwa nacho.

Mvua zilipokuja alirudi kwao. Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Ndadaye akauawa, na kilichotokea baada ya hapo umekisikia kwa wakubwa zako. Yeye alivuka kwenda Tanzania, akakaa miaka mingi kambini Lukole, Ngara, na huko akawa anawakimbiza watoto asubuhi. Mimi nilibaki. Agosti 1996, siku chache tu baada ya nchi jirani kutuwekea vikwazo vya biashara, sukari imepotea na betri zinauzwa kwa bei ya kichaa, Vénuste Niyongabo alishinda mita 5,000 kule Atlanta, dakika 13 na sekunde 7.96, dhahabu ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki yetu ya kwanza. Na kabla ya hapo alikuwa amemwachia Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, ili naye mzee wa watu aonje Olimpiki. Nilipopata habari ile nilikaa chini nikamfikiria kijana wetu. Miaka minne tu ndiyo iliyokuwa imepita. Mlango aliouona umefungwa ulikuwa umefunguka, naye yuko kambini anapanga foleni ya mahindi.

Aliporudi nchini alikaa Muyinga, mtaa wa Waswahili, ana duka la nafaka. Kiswahili chake sasa kinanishinda. Mwaka 2018 wapwa zangu walikuwa wakinionyesha kwenye simu habari za Usain Bolt, yule aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, amestaafu mbio na anatafuta timu ya mpira: mara Mamelodi Sundowns, mara Borussia Dortmund, mara Strømsgodset ya Norway, mwisho Central Coast Mariners ya Australia. Vijana walicheka sana. Mimi sikucheka. Alikuwa na miaka 32, misuli ya paja imeumia London mwaka uliotangulia, na bado mtu mwenye dhahabu nane za Olimpiki alikubali kukaa benchi pamoja na watoto ili ajifunze kutuliza mpira. Tarehe 12 Oktoba alifunga mawili katika mechi ya kirafiki, na mwanzoni mwa Novemba wakaachana, mkataba haukupatikana.

Nilimpigia simu kijana wetu, kule Muyinga, jioni ileile ya magoli ya Bolt. Alikuwa dukani, nasikia watu wanapimiwa mchele. Hakuniuliza mshahara wala jezi. "Kaka, goli la kwanza walimpigia wapi? Miguuni au mbele?" Nikamwambia mbele, akamzidi nguvu beki, akaupiga kwa kushoto. Akanitaka niirudie tena polepole: beki alikuwa umbali gani, aliugusa mara ngapi kabla ya kupiga, kichwa kilikuwa juu au chini. Nikairudisha video mwanzo nikamsimulia hatua kwa hatua, na mteja wake wa mchele akaanza kugombana naye kwa kucheleweshwa.