Ushenzi wa watoto wa kwaya

Lord of the Flies ya William Golding, iliyotoka mwaka 1954, ni moja ya zile riwaya ambazo watu wengi wanadai wamezisoma. Kwa wadau ambao hamjaishika, kisa ni hiki. Kuna vita kubwa duniani. Ndege iliyobeba wavulana wa Kiingereza inaanguka, wanajikuta kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Wanamchagua Ralph awe kiongozi. Wanakubaliana kwamba anayeshika kombe la baharini ndiye mwenye zamu ya kusema, na kwamba moto uwake mlimani ili meli iwaone. Halafu Jack, kiongozi wa watoto wa kwaya, anaonja utamu wa kuwinda nguruwe. Mpaka mwisho Simon na Piggy wameuawa na wenzao.

Tunaambiwa huo ndio ustaarabu ukishindwa na ushenzi. Sawa, lakini hivi ushenzi wenyewe umevaaje humo ndani? Nyuso zilizopakwa rangi, mikuki, ngoma kuzunguka moto. Yaani mtoto wa Kizungu akiharibika anafananishwa na sisi! Katika toleo la kwanza la Uingereza, Piggy anawasuta wenzake waliojipaka rangi kwa lile tusi wanalotukanwa watu weusi. Na kabla hatujanuna sana, tuangalie maneno yetu wenyewe: ustaarabu una Mwarabu tumboni mwake, na mshenzi, kwa watu wa pwani wa zamani, alikuwa mtu wa bara. Babu yangu na babu yako, huenda.

Hata hivyo nadhani Golding alijua anachofanya. Alikuwa mwalimu, tena mwanajeshi wa majini aliyeshiriki mashambulizi ya Normandy mwaka 1944. Alikuwa akiijibu The Coral Island ya R. M. Ballantyne (1857), ambamo wavulana wa Kiingereza kisiwani ni watu safi na ukatili unaletwa na wenyeji wa visiwa na maharamia. Golding akawaondoa wenyeji wote. Hakuna wa kusingiziwa. Hata yule "mnyama" wanayemwogopa kule mlimani ni maiti ya mwanajeshi aliyeanguka na parachuti, na ofisa anayekuja kuwaokoa ametoka kwenye manowari. Anawashangaa kwa mikuki yao, kisha atarudi kwenye mizinga yake.

Sasa sikia hii ya kweli. Mwaka 1965 vijana sita wa Tonga waliiba mashua, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kitupu cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka. Walilima bustani, waliulinda moto usizimike, na mmoja alipovunjika mguu wenzake waliufunga kwa vijiti mpaka ukaunga. Hao ni watu wa Pasifiki, wale wale ambao Ballantyne angewapa rungu mkononi.

Haimaanishi Golding alikosea. Sita waliosali pamoja si sawa na kundi la wageni lenye wawili wanaogombea ukubwa, na jambo hilo waandishi wa siasa tunalijua vizuri.

Nahodha Peter Warner wa Australia aliwaona mwaka 1966 akawarudisha kwao. Walipofika, polisi waliwaweka ndani kwa kosa la kuiba mashua.