Kukuza si Kuzaa

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lau wangejaliwa kuishi hadi wakaabiri matatu za Nairobi, pengine wangeongeza kuwa hata debe lililosheheni abiria huvuma, tena kwa nauli. Tangu mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya biashara hiyo, ushindani wa barabarani umekuwa na sura nyingi: mwendo, rangi, michoro na, zaidi ya yote, muziki. Kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, lakini hazikuuzima muziki. Abiria kijana wa jioni bado huichagua gari kwa sikio kabla ya kuikagua kwa jicho.

Katika ulimwengu huo aliishi mwanamume mmoja ambaye kisa chake kinastahili kutafakariwa. Miaka tisa alining'inia mlangoni akiwa utingo, miaka mitano akashika usukani, na hatimaye chama cha akiba na mikopo kikamwamini kwa mkopo wa kununua gari kuukuu la abiria 14. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ndiye aliyekuwa awe utingo. Baada ya bima na magurudumu kulipiwa, zilibaki shilingi 40,000. Spika mbili za besi zilikuwa tayari zimo garini, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 4 na uwezo wa kuhimili wati 150 mfululizo. Kilichokosekana ni kikuza sauti.

Hapa inafaa kusitisha kisa kidogo, maana jina lenyewe lina hekima. Mafundi wa mjini husema "ampi", wauzaji husema "amplifaya", na wengine hukichanganya kifaa hiki na kipaza sauti, jina ambalo watu wengi hulitumia kwa kile chombo anachoshika mhubiri mkononi. Wasomi wetu wamependekeza "kikuza sauti", na hawakukosea. Kukuza si kuzaa. Mlezi hukuza mtoto ambaye amekwisha kuzaliwa, naye humkuza kwa chakula kinachotoka mahali fulani. Vivyo hivyo, kifaa hiki hakizai sauti. Hupokea mawimbi dhaifu kutoka kwa redio ya gari, kikayalisha kwa umeme wa betri na alteneta hadi yakapata nguvu za kutikisa spika. Chakula kikiwa haba, mtoto hakui, hata akipewa jina kubwa namna gani.

Jina kubwa ndilo alilokutana nalo katika barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vifaa vya umeme yamebanana kama meno ya chanuo. Muuzaji alimwekea mezani maboksi mawili. La kwanza, la shilingi 12,000, liliandikwa wati 3000 kwa tarakimu za dhahabu. La pili, la shilingi 19,500, liliandikwa wati 350 tu, kwa herufi ndogo zisizo na madaha.

"Mkubwa, hii ya elfu tatu ndiyo inabeba vijana," muuzaji akasema. "Hiyo nyingine ni ya gari la mchungaji."

Mwanamume akaomba muda. Akampigia simu fundi mzee wa barabara ya Kirinyaga aliyemjua tangu siku za utingo. Fundi hakuuliza habari ya wati. Aliuliza swali moja: "Fyuzi yake ni ya ampea ngapi?"

Swali hilo lina uzito kuliko tangazo lote la boksi. Kifaa cha kwanza kilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Injini inapozunguka, umeme wa gari la volti 12 huwa kama volti 14. Zidisha 14 kwa 30, utapata wati 420: hicho ndicho chakula chote ambacho kifaa kinaweza kukila mfululizo bila fyuzi kukatika. Isitoshe, vikuza sauti vya muundo wa zamani, wa daraja la AB, hupoteza karibu nusu ya chakula hicho kwa joto. Wati 3000 za dhahabu zikawa takriban 200. Kifaa cha pili kilikuwa cha daraja la D, ambacho hugeuza takriban asilimia 80 ya umeme kuwa sauti, na fyuzi yake ilikuwa ya ampea 40. Wati 350 kilizoahidi zilikuwa kweli tupu.

Siri ya tofauti hiyo imo katika namna ya kupima. Boksi la kwanza lilihesabu kilele cha kufumba na kufumbua, mithili ya mtu anayejisifu kwa pumzi ya ukelele mmoja. Boksi la pili lilihesabu nguvu ya kudumu, ambayo mafundi huiita RMS. Nchini Marekani, udanganyifu wa vilele ulikithiri hata mwaka 2003 kikatolewa kiwango cha hiari kiitwacho CEA-2006, kinachotaka wati zipimwe kwa volti 14.4, kwa ukinzani wa omu 4, na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Mnunuzi akiona nembo ya kiwango hicho, walau anajua tarakimu zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Fundi aliendelea kumfunza. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hutoa omu 2, kwa hivyo kifaa kisichoweza kuvumilia omu 2 kitachemka na kufa. Waya wa umeme uwe mnene na wa shaba halisi, kwani zipo waya za alumini zilizopakwa shaba juu ambazo hupitisha umeme kidogo kwa unene uleule. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, ili waya ukichunika chini ya zulia la gari, fyuzi ikatike kabla moto haujawaka. Tena asidhani kwamba yafaayo gari dogo yanafaa basi, maana magari makubwa mengi hutumia volti 24. Na kile kitufe cha kurekebisha nguvu ya mapokezi si kitufe cha kuongeza sauti. Kikizungushwa hadi mwisho, mawimbi hukatwa vichwa, yakawa bapa, nazo spika huungua hata kama wati si nyingi.

Lililomshangaza zaidi ni hili: wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hulitambua kwa shida. Ili msikilizaji aone kuwa sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika wati mara kumi hivi. Kumbe vita vya maboksi hupiganwa penye tofauti ndogo mno!

Hata hivyo, hesabu ya umeme haikuwa hesabu yote. Mwanamume huyu, akiwa hajatimiza miaka 40, alikuwa na mluzi sikioni. Ulimjia usiku, nyumba inapotulia, mwembamba kama mbu asiyetua. Mkewe alikwisha kuzoea kurudia kila sentensi. Hakuna aliyemwambia, alipokuwa mlangoni miaka ile tisa, kwamba wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 ni saa moja. Kwa desibeli 100 ni robo saa. Abiria hushuka baada ya nusu saa. Utingo huanza alfajiri, akamaliza usiku. Na vinyweleo vya ndani ya sikio vikishafishwa na kelele, havioti tena. Sheria ipo pia: kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayosumbua au kuhatarisha afya ya wengine. Lakini kanuni haisimami mlangoni. Anayesimama mlangoni ni mdogo wake.

Alinunua kifaa cha wati 350. Fedha iliyobaki akaigawa baina ya waya mnene, fyuzi na ujira wa fundi. Siku ya kufunga, alimketisha mdogo wake kwenye kiti cha mlangoni, akamwomba fundi apandishe sauti polepole mpaka pale ambapo mtu wa kiti cha nyuma akisema "shukisha hapa" angali anasikika bila kupiga ukelele. Hapo fundi akatia alama ya rangi kwenye kitufe.

"Kaka, hii haitoshi," mdogo wake akalalamika. "Vijana watatukimbia."

"Wengine watatukimbia," akajibu. "Wewe utabaki."

Baadhi yao walikimbia kweli. Jioni za Ijumaa kundi la wanafunzi liliipita gari hiyo likaifuata nyingine iliyotetemesha vioo vya maduka. Akina mama wenye watoto nao waliizoea, wakaanza kuingojea. Besi ilikuwa safi, betri haikuchoka, na kwa shilingi za kila siku alipungukiwa kidogo kuliko alivyohofia, ingawa alipungukiwa. Mkopo haukumhurumia kwa sababu hiyo. Hesabu ya viti vitupu huja jioni ileile, ikaandikwa daftarini. Hesabu ya masikio hungoja miaka kumi, na ikifika hakuna daftari la kuifutia.